Nimonia Haiponi kwa Sindano Pekee

Mgonjwa wa nimonia kutoka Nduruma akifikishwa Hospitali ya Mount Meru, ndugu huuliza kwanza: ameshachomwa sindano? Kwa nimonia ya bakteria antibiotiki ni lazima, hilo halina ubishi. Lakini kati ya dozi moja na nyingine, uhai wake uko mikononi mwa muuguzi.

Muuguzi makini huhesabu pumzi kwa dakika nzima, akitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikifika 30, hali ni mbaya. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma chini ya asilimia 90, oksijeni haifai kusubiri. Tena muuguzi humwinua mgonjwa kichwa, humhimiza kukohoa makohozi yatoke, humgeuza na kumsafisha kinywa.

Kazi hii haitaki haraka.

Muuguzi akiachiwa wodi nzima usiku, kinachorukwa mapema ni kule kuhesabu pumzi, nako ndiko kunakoonyesha kuwa mgonjwa anazidiwa. Serikali inaponunua mitungi ya oksijeni, iajiri na wauguzi wa kuisimamia. Ndugu nao wafundishwe kumketisha mgonjwa wanapomnywesha uji, maana ukimpalia akiwa chali unaweza kuingia mapafuni.