Kijana mwisho 35, mzee kuanzia 70: sisi wa katikati ni nani?

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa saiba moja kando ya barabara ya Uganda, hapa Eldoret. Kampuni ya usafirishaji yatafuta karani mkuu wa ghala. Sharti la kwanza, diploma ya ununuzi na ugavi. Ninayo. La pili, uzoefu usiopungua miaka 10. Ninao, na wa kumgawia mwengine. La tatu, mwombaji awe na umri wa kati ya miaka 25 na 32.

Nikasimama pale nikapiga hesabu. Mtu wa miaka 32 mwenye uzoefu wa miaka 10 ni mtu aliyepata kazi siku aliyotoka chuoni na hajakaa bila kazi hata mwezi mmoja. Mimi nilimaliza Mombasa Polytechnic mwaka 2002, nikaingia kazini mwaka uliofuata. Nilikuwa karibu niwe mtu huyo. Lakini hayo ni ya zamani, leo nina miaka 46.

Niliwahi kuandika hapa kuhusu bandari na reli, na wasomaji kadhaa wakaniuliza Mswahili wa Mombasa atafuta nini Eldoret. Jibu ni kwamba nilifuata mizigo. Miaka kumi na sita nilifanya kazi katika ofisi za kutoa mizigo bandarini. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza safari za Nairobi Januari 2018, wengi wetu tulidhani itachukua sehemu yake na malori yatabaki na yao. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na ya bara ipande treni. Mnakumbuka maandamano ya Jumatatu pale mjini Mombasa. Amri ililegezwa baadaye, na Septemba 2022 Rais Ruto, alipoapishwa tu, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwa aliyepunguzwa kazi mwaka 2019, hiyo ilikuwa habari njema iliyofika nyumbani kwake baada ya yeye kuhama.

Nami nilikuwa nimeshahama. Yadi moja ya malori ya kwenda Malaba ilihitaji mtu anayejua makaratasi ya forodha, nikaja Eldoret kwa mkataba wa miezi sita, ukageuka miaka mitano. Kazi yangu ilikuwa kupokea lori, kukagua lakiri, kulinganisha karatasi na mzigo, na kuwapigia simu wenye mali Kampala. Sasa jiulize, kazi hiyo ingedumu vipi? Tangu 2014, chini ya mpango wa himaya moja ya forodha, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa kabla ya mzigo kuondoka Mombasa. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia makontena kwa lakiri za elektroniki. Mtu ameketi mbele ya kioo mjini aona lori limesimama wapi, kwa dakika ngapi, na kama mlango umeguswa. Karani wa katikati ya njia amebaki kama yule mzee wa bandarini aliyekuwa akihesabu magunia kwa vijiti. Hakuna aliyenidhulumu hapo. Kazi yenyewe ndiyo iliyokwisha, na nisingependa irudi, kwa sababu wizi wa njiani nao ulikuwa mwingi.

Linaloniuma ni lililofuata.

Kupunguzwa kwetu kulifuata sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chataka notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Miaka mitano ni siku 75. Yaani miezi miwili na nusu. Mzee wangu alipostaafu bandarini alipewa kiinua mgongo akajenga vyumba viwili Kisauni. Mimi cha kwangu kilikwisha kabla ya muhula wa shule kwisha.

Nikaanza kutafuta, na kila nilipogonga nikakuta mlango una umri wake. Katiba ya 2010, ibara ya 260, inamtambua kijana kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Ibara hiyo hiyo inamtambua mzee kuwa ni aliyepita miaka 60. Kati ya 35 na 60 hakuna jina. Na hayo ni ya maandishi tu, kwenye pesa pengo ni kubwa zaidi. Tenda za serikali zina asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kazi Mtaani ya wakati wa korona ilikuwa ya vijana. Mradi wa NYOTA, unaotoa shilingi 50,000 za kuanzia biashara, ni wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa mwenye ulemavu. Halafu unapanda, unapanda, mpaka ufikishe miaka 70, ndipo Inua Jamii ikupe shilingi 2,000 kwa mwezi. Kutoka 35 mpaka 70 ni miaka 35. Ni umri mzima wa mtu kufanya kazi, na ni umri wa kulea.

Nisiwe mwongo. Mwanamke wa miaka 50 anaweza kuingia kwa mlango wa wanawake, na ni haki yake. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, haimwulizi mtu mzima umri wake, lakini ni mkopo, na mtu asiye na kazi akikopa shilingi 500 za unga ameongeza deni tu. Na NSSF humruhusu aliyeacha kazi kuomba akiba yake mapema akifikisha miaka 50. Mimi bado minne.

Nayo bima ya afya ina lake. Ulipokuwa na mshahara, SHA ilikata asilimia 2.75 kila mwezi bila wewe kujua. Ukitoka kazini unahesabiwa na watu wa sekta isiyo rasmi, na hao hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hata ukipimwa ukawekwa chini kabisa, shilingi 300 kwa mwezi, ni 3,600 taslimu. Ipo njia ya kukopeshwa ulipe pole pole. Lakini angalia mpangilio wenyewe: mwenye mshahara alipa kidogo kidogo, asiyekuwa nao alipa kwa pamoja.

Tangazo la saiba nililijibu hata hivyo. Mpwa wangu alinishauri nisiandike mwaka wa kuzaliwa kwenye wasifu. Nikaona si uongo, ni kunyamaza tu, nikaufuta. Tukasahau kwamba fomu yataka namba ya kitambulisho. Ya kwangu yaanza na 21, ya mpwa wangu yaanza na 38. Afisa yeyote wa ajira Kenya ajua kuisoma namba ile kama mganga asomavyo nyota.

Waliniita. Nikavaa shati la Idi, nikapanda matatu mapema. Aliyenihoji alikuwa kijana mwenye adabu, wala sina lawama naye. Akanianza kwa "mzee wangu". Kwetu Pwani neno hilo ukiitwa unanyooka mgongo. Katika chumba cha mahojiano ni kama kuambiwa chai imekwisha. Akaniuliza kama nitauweza mtambo wao wa kompyuta. Nikamwambia nimetumia Simba ya forodha tangu ilipoanza, nikatumia na uliofuata, na huo wao nitaujua kwa wiki. Akauliza kama nitakubali mshahara ule mdogo. Nikasema nitakubali. Hapo nikaona uso wake umebadilika, maana anayekubali upesi hushukiwa ana tatizo. Mwisho akauliza: ukiamrishwa na bosi wa miaka 26, utafanyaje? Nikamwambia msikitini kwetu huswalisha kijana aliyehifadhi Qur'ani, na wazee wenye ndevu nyeupe hupanga safu nyuma yake. Akacheka, akaandika kitu. Hawakupiga simu.

Kila nikilieleza hili napewa jibu moja: vijana hawana kazi, wewe umeshakula zamu yako. Jibu hilo nalichukulia kwa uzito. Baada ya Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hakuna mwanasiasa anayeamka bila kutaja ajira za vijana, na wana sababu. Lakini huyo kijana analala kwa nani? Mwanangu wa kwanza yuko chuo cha ufundi, wa pili yuko kidato cha tatu. Mama yangu Mombasa ana presha na dawa zake ni kila mwezi. Baba wa miaka 46 akikosa kazi, kijana wa miaka 19 huacha chuo aje kusaka kibarua kile kile anachokitafuta baba. Umewaweka wote wawili kwenye foleni moja, halafu unasema unamsaidia mdogo.

Mji huu wenyewe una ushahidi. Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa miaka ya 1970, kiliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua 2007, kikawekewa mitambo mipya kwa mkopo wa India, na Juni 2019 Rais Kenyatta akaja kukizindua upya. Ni jambo jema. Lakini mtu aliyekuwa na miaka 40 kilipofungwa alikuwa na zaidi ya 60 siku ya uzinduzi. Kiwanda kilifufuka, yeye mikono yake ilikuwa imeshapitwa. Viongozi hupenda kuahidi kwamba kazi zitarudi. Kwa mtu wa umri wangu suali si kama zitarudi, ni lini.

Na huu ni mji wa wakimbiaji. Eldoret imepata hadhi ya jiji Agosti 2024, na nusu ya majumba unayoonyeshwa utaambiwa ni ya mwanariadha fulani. Eliud Kipchoge, anayefanya mazoezi Kaptagat hapo jirani, alizaliwa 1984. Alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, alikuwa na miaka 37. Kwa Katiba yetu hakuwa kijana tena. Kwa tangazo la pale saiba asingeitwa hata mahojiano.

Tuzungumze sheria sasa, kwa sababu hapa ndipo penye kitu cha kudai. Ibara ya 27 ya Katiba yakataza ubaguzi na yataja umri kwa jina, pamoja na dini, jinsia, mavazi na mengine, na inamfunga mtu binafsi kama inavyoifunga serikali. Lakini Sheria ya Ajira, ambayo ndiyo mwajiri huisoma, ilitungwa miaka mitatu kabla ya Katiba hiyo. Kifungu chake cha 5 chaorodhesha mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo: rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, uraia, kabila, ulemavu, ujauzito, ndoa, HIV. Umri haumo. Ndiyo maana tangazo linalosema "asiwe Mwislamu" lingezua fujo kabla ya adhuhuri, lakini linalosema "asizidi 32" lakaa mlangoni mpaka jua lilifubaze. Kuna mahakama ya kazi hapa Eldoret na unaweza kwenda na Katiba yako mkononi. Nauliza tu ni mtu gani asiye na nauli atakayefungua kesi juu ya karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Neno moja likiongezwa kwenye kifungu hicho, afisa wa kazi angeweza kuing'oa karatasi ile bila kesi. Wabunge wetu wa Pwani, ambao hupiga kelele kuhusu bandari kila uchaguzi ukikaribia, wangeweza kulichukua hili bila kugombana na mtu. Na kaunti zetu, zikiandaa mafunzo ya kompyuta na ya uchumi wa buluu, ziache kuandika "vijana" juu ya kila fomu. Serikali imeanzisha mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila cheti, na fundi wa miaka 50 wa Likoni anaweza kupimwa akapewa karatasi. Wasiojua wauulize kwenye ofisi za NITA. Kwa mtu kama mimi mwenye cheti cha 2002 haunifai sana, ninachohitaji ni darasa la jioni la miezi mitatu ambalo halitaniuliza nilizaliwa lini.

Sisi wenyewe tuna makosa. Ofisi yetu ya Mombasa ilileta mafunzo ya mifumo mipya mwaka 2016, wawili tukaenda na wengine wakasema ni ya watoto. Na hata mimi niliyekwenda niliishia siku ya pili, kulikuwa na harusi.

Juzi mke wangu alinipigia kutoka Mombasa. "Baba Salma, rudi nyumbani, ukikosa kazi ukosee kwenu." Nikamwambia nimeona tangazo jengine, la ghala la mahindi, halikutaja umri. Linafungwa Ijumaa. Nimeandika mwaka wangu wa kuzaliwa juu kabisa, chini ya jina.