Yabisi Haijulikani kwa Kuimba

Ndugu wazazi na walimu wa Nyamuswa,

Majuzi nilipita nyuma ya darasa la awali la shule moja ambayo sitaitaja, nikasikia sauti za watoto zikipanda na kushuka kwa pamoja: yabisi ina umbo lake, kimiminika hufuata umbo la chombo. Waliimba vizuri, hilo sikatai. Walipotoka nikamsimamisha mjukuu wa jirani yangu, nikamwuliza yabisi ni nini. Akafikiri kidogo, akajibu: "Ni ugonjwa wa goti la bibi."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mtoto hakukosea. Nyumbani kwao neno hilo amelisikia mahali pamoja tu, bibi anapolalamikia baridi yabisi alfajiri, na kitu kilichokaza anachokijua ni goti lile. Sisi wakubwa ndio tuliompa neno bila kumpa cha kushika.

Na vya kushika tunavyo tele. Chukueni kibuyu cha maziwa. Mama anakaa kwenye kigoda, anakilaza mapajani, anaanza kukisukasuka. Mwanzoni ndani mnasikika maji tu yakichapa huku na huku. Baada ya muda, mkono ukishaanza kuuma, sauti inakuwa nzito, kuna kitu kinadunda. Mwite mtoto hapo hapo, ategeshe sikio, aseme mwenyewe kimebadilika nini kabla hujafungua kizibo. Matone madogo ya mafuta yaliyokuwa yametawanyika ndani ya maziwa yamegongana, yakashikana, yamekuwa bonge la siagi. Lichemshe upate samli, uiweke kwenye kopo dirishani. Asubuhi yenye baridi utaikuta imeganda. Mchana, jua likishapiga bati, ukiinamisha kopo inakwenda upande kama maji. Mtoto wa miaka mitano aliyelikagua kopo hilo siku tatu mfululizo haimbiwi tena habari za umbo la chombo.

Au uchukue muhogo, ule mtamu. Mchungu una sumu, na mtoto hakosi kulamba kidole. Uparuze, uukamulie majini, uchuje kwa kitambaa, uache utulie saa kadhaa, kisha mwaga maji ya juu. Chini umebaki wanga mweupe, ule ule tuliokuwa tukitilia mashati ili kola isimame. Mwambie mtoto aupige ngumi: mgumu. Sasa azamishe kidole polepole: kinaingia. Achukue kidogo aviringe upesi kiganjani, anapata tonge. Akiacha kuviringa, tonge linamchuruzika katikati ya vidole. Ukikauka mno, ongeza maji kidogo kidogo. Hapo mwulize, hiki tukiite nini? Wala usimjibu. Chembe za wanga zikisukumwa ghafla hukabana, zikiachwa huteleza majini, lakini hayo atayasoma akikua. Leo inatosha aone kwamba kuna kitu kilichokataa kukaa katika mafungu mawili ya ubaoni.

Kuna na jaribio la Jean Piaget, yule bingwa wa Uswisi wa mambo ya akili za watoto, nalo halina gharama. Mimina maji ya bakuli pana katika chupa nyembamba mbele ya mtoto mdogo, umwulize wapi kulikuwa na mengi. Wengi husema chupani, kwa kuwa yamepanda juu. Msimkemee. Mwacheni ayarudishe bakulini kwa mkono wake, mara kumi akitaka.

Najua nitajibiwa kwamba maji hayatoshi. Mama aliyejitwika ndoo njia nzima hapendi kuyaona yakichezewa, na ana haki. Lakini beseni moja linatosha kikundi cha watoto asubuhi nzima, kisha maji yake yanamwagiwa mpapai. Yawe ya bomba au ya kisima kisafi. Ya ziwani na ya lambo yanaweza kuwa na kichocho. Mafuta ya moto na maji yanayochemka wayaangalie kwa mbali. Jibu la pili ni wingi wa watoto. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na sote tunajua hali ilivyo katika madarasa mengi. Kwa hiyo sisemi na walimu peke yao. Mzazi mwenye kibuyu aende shuleni, akae na watoto kumi kwa nusu saa.

Wala wazo hili si geni. Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alituandikia Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Novemba 1974 Azimio la Musoma likapitishwa hapa hapa mkoani kwetu, likitaka masomo na kazi viende pamoja. Sisi tukasikia jembe tu. Mara nyingine tukaligeuza adhabu.

Tena, mtoto akisema jambo la ajabu, msimcheke. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaona atakosa, akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye akataniwa. Hakunyamaza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka, Osborne akaahidi kujaribu, akajaribu kweli, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya jambo hilo, lakini wanapobishana hulitaja kwa jina la Mpemba. Lilianzia kwenye kibakuli cha maziwa na kijana aliyeamini macho yake.

Kibuyu changu nimekwisha kukiosha, na mwalimu amenikubalia Jumatatu. Bibi wa yule mtoto amesema kusukasuka atasukasuka yeye, ilimradi apewe kiti kirefu badala ya kigoda, kwa sababu ya goti.