Kibanja cha Muleba na somo la Katiba

Kila Jumatatu wanafunzi wangu wa Uraia hutakiwa kuja darasani na habari moja waliyoisoma gazetini au kuisikia redioni, kisha tuichambue tukiwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano mkononi. Majuma machache yaliyopita, binti mmoja wa kidato cha tatu alileta habari juu ya umri wa kuoa na kuolewa. Suala hili halizeeki, nasi sote twalijua chanzo chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana hungoja hadi 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Binti aliuliza swali ambalo hata watu wazima huliuliza: ikiwa mahakama imekwisha kusema, mbona Bunge nalo bado linahitajika? Tukafungua Ibara ya 30(5). Humo Katiba huiruhusu Mahakama Kuu, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuondoa kasoro. Mahakama huonyesha ugonjwa. Kuandika sheria mpya ni kazi ya Bunge. Darasa likaelewa, ila si wote waliridhika. Kijana mmoja kutoka Muleba akainua mkono. “Padre,” akasema, “hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Kwetu, mila ndiyo katiba.”

Nilishukuru kimoyomoyo. Sidhani kama kuna wilaya ambayo neno hilo linapata jibu la karibu zaidi kuliko Muleba.

Nikaweka gazeti kando, nikawasimulia shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, ambalo wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi hulisoma, nasi Wahaya tulio wengi hatulijui. Mwanamke mmoja alirithi ardhi ya ukoo kwa wasia wa baba yake. Tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, ndugu wa ukoo akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Wala hakuwa akibuni. Kanuni za urithi zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilisema hivyo hivyo: mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Kashasha ikampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu, Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya.

Hapa ndipo tarehe zinapofundisha. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu kwa mabadiliko ya mwaka 1984, lakini Serikali ilipewa muda wa kujiandaa hadi Machi 1988 kabla ya mahakama kuanza kuzitumia kupima sheria. Kibanja kiliuzwa miezi mitano baadaye. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ya mila inakwenda kinyume cha katazo la ubaguzi katika Ibara ya 13(4), na kwamba yapasa isomwe kana kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza. Nikawaomba wanafunzi watafute neno “jinsia” katika Ibara ya 13(5). Wakalipata upesi. Nikawaambia kwamba wakati wa hukumu ile neno hilo halikuwamo. Liliongezwa mwaka 2000. Jaji aliuona usawa wa binti na kaka yake kabla Katiba haijautaja kwa jina.

Kijana wa Muleba hakunyamaza, na sikutaka anyamaze. Kibanja si shamba tu, alisema. Makaburi ya mababu yamo humo. Ni kweli, na asiyelijua hilo asifundishe Katiba Kagera. Mahakama nayo haikulipuuza: iliuachia ukoo nafasi ya kukomboa ardhi ile ndani ya miezi sita kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Anayeipenda ardhi ya babu aigharimie, kama ambavyo angefanya muuzaji angekuwa mwanamume.

Tukasoma pia Kitabu cha Hesabu. Katika sura ya 27, binti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao asiyeacha mwana wa kiume, naye Bwana anasema wana haki. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo wanakuja na hofu ile ile ya Muleba: ardhi itahamia kabila jingine. Wanasikilizwa, na mabinti wanatakiwa kuolewa ndani ya kabila lao, lakini urithi hawanyang’anywi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes namba 29, unaukataa ubaguzi wa jinsia kuwa ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba shauri lile lilimaliza mambo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hubatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo, mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi za kimila, nayo mwaka 2006 ikakiri kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta.

Kengele ilipolia, binti aliyeleta habari alibaki nyuma. Akaniuliza kama niliwahi kuyasema haya matangani. Nilimjibu kweli. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kikao cha ukoo baada ya maziko niliyoyaongoza mimi mwenyewe. Mabinti wa marehemu, waliomuuguza hadi mwisho, waliambiwa kibanja ni cha kaka zao. Nilikunywa chai yangu, nikatoa baraka, nikaondoka. Binti hakusema neno. Akaniomba nimwazime Katiba, aende nayo nyumbani likizo ya Desemba, kwa kuwa bibi yake amezeeka na wajomba wameanza kupima mipaka.

Nimempa.