Kabla ya Kulaumu Saa, Pima Kipimo Chako

Leo nina jambo moja tu, na najua wengine mtanipinga. Wengi wanaoanza kupima muda nyumbani hununua saa mpya mapema mno. Grafu ikiyumba kidogo, mtu anakimbilia kuagiza saa ya rubidi kutoka ng'ambo. Mimi naona hizo ni pesa za kutupa, kwa sababu mara nyingi kinachoyumba si saa, ni kipimo.

Tuanze na hesabu ndogo. Siku moja ina sekunde 86,400. Saa inayokosea sehemu moja tu kwa milioni itapoteza milisekunde 86.4 kila siku. Kwa mtu anayewahi matatu hilo si neno. Lakini kwa seva mbili zinazobishana ni malipo gani yaliingia kwanza, ni balaa. Kazi yangu ni kuandika programu, na ndiyo maana nimeweka kijimaabara mezani: Raspberry Pi, kipokezi cha GPS kinachotoa mpigo mmoja kila sekunde, na antena dirishani.

Sasa mpigo unaruka ruka. Ufanye nini? Mimi hufuata hatua hizi, na hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, hutajua kipi kilichoponya.

Kwanza, kagua njia ya mpigo. Tarakilishi huongea na kifaa cha USB kwa zamu, na kwa vifaa vingi vya aina hii zamu huja kila milisekunde moja. Mpigo ukifika katikati, unasubiri. Uunganishe moja kwa moja na pini za bodi, na kuyumba kutashuka hadi mikrosekunde chache. Umetumia waya tu!

Pili, joto. Fuwele ya kwatsi inayoendesha saa ya bodi hubadilisha mwendo joto linapobadilika. Ukiona wimbi linalofuata jua la mchana, au linalopanda kila programu nzito inapoanza, GPS haina hatia. Funika bodi kwa kisanduku, uipe kazi isiyobadilika, kisha uangalie tena.

Tatu, mtandao. Kuna wanaolinganisha GPS yao na seva ya NTP kupitia data ya simu, halafu wanasema GPS imekosea. NTP huchukulia kwamba safari ya kwenda ni sawa na ya kurudi. Ikiwa kwenda ni milisekunde 80 na kurudi ni 40, hesabu itakosea kwa milisekunde 20, na njia isipobadilika itakosea vivyo hivyo kila mara. Grafu itakuwa imenyooka kabisa na bado inadanganya. Kutulia si kuwa sahihi.

Nne, kwa waliofika kwenye nanosekunde: pima mpigo dhidi yake wenyewe. Ugawe mara mbili, upitishe kwenye kebo mbili za urefu sawa hadi milango miwili ya kipimo. Jibu linatakiwa kuwa sifuri. Ukiona nanosekunde 15, hizo si za saa. Na usidharau kebo, kila mita hula kama nanosekunde 5. Nyani haoni kundule, na kipimo nacho hakioni kosa lake mpaka ukionyeshe.

Najua mtu atasema vifaa bora vina maana yake. Nakubali. Kipokezi chenye saa ya ndani ya 48 MHz hutoa mpigo kwa hatua za kama nanosekunde 21, na hakuna kisanduku kitakachoondoa hilo. Hapo sasa nunua, maana unajua unanunua nini.

Hata wenye vifaa vya ajabu hufanya hivi. Mwaka 2005 Mmarekani Tom Van Baak alipakia saa tatu za sizi kwenye gari la familia, akapanda nazo Mlima Rainier. Aliporudi zilikuwa zimetangulia kwa karibu nanosekunde 22, kama nadharia ya Einstein inavyotabiri, kwamba saa huenda kasi zaidi mahali palipoinuka. Tuliamini jibu lake kwa sababu alizilinganisha na saa zilizobaki nyumbani, kabla ya safari na baada yake. Bila ulinganisho huo, nanosekunde 22 zingekuwa tarakimu tu.

Na hili si la saa peke yake. Programu ikienda polepole, je, ni programu au ni kile unachoipimia? Anayejua kukihoji kipimo chake huokoa pesa, na huokoa usiku mwingi wa kuwinda mdudu asiyekuwepo.

Hayo ni maoni yangu. Wewe mwenzangu, mara ya mwisho ulikipima kipimo chako lini?