Miche kwa Kamera, Tingatinga kwa Msitu

Tuanze na hesabu, maana serikali yetu inapenda hesabu. Miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko, nchi nzima iende ikapande, lengo likiwa miche milioni 100 kwa siku moja. Picha uliziona: gambuti mpya na mche mmoja ulioshikwa na waheshimiwa wanne. Kile ambacho picha hazikuonyesha ni kwamba miezi minne tu nyuma, Julai, serikali hiyohiyo ilitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti misituni iliyokuwepo tangu Februari 2018.

Sasa panda matatu, twende Nyeri.

Ihithe ni kijiji cha Tetu, ukingoni mwa msitu wa Aberdare, au Nyandarua kama wazee wanavyouita. Hapo ndipo Wangari Maathai alizaliwa 1940. Alizoea kusimulia habari za mugumo mkubwa uliokuwa karibu na kwao, na chemchemi iliyotoka pale chini yake. Mti ukakatwa, chemchemi ikakauka. Harakati zake zote tangu 1977, hadi Nobel ya 2004, zilijengwa juu ya jambo dogo kama hilo: mzizi hushika maji.

Na ni kijiji hichohicho, si kingine, kilichochaguliwa kuwa mwanzo wa barabara ya kwenda Ndunyu Njeru. Kilomita zinazokaribia 52, na sehemu yake inakata katikati ya msitu na mbuga. Mwanzoni mwa 2024 Nema ikatoa leseni. Watu wa mazingira wakakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Nyeri kuipinga. Wakaitwa maadui wa maendeleo, bila shaka.

Kama uko Nairobi unasoma hii ukisema hayo ni mambo ya mashambani, fungua mfereji wako. Maji mengi ya jiji yanatoka bwawa la Ndakaini, na mito inayolijaza inashuka kutoka Aberdare. Stima pia: mabwawa ya Seven Forks yako juu ya mto Tana, na Tana unalishwa na Aberdare na Mlima Kenya. Ule mwanzi unaouona juu kule, wenye ukungu na matope, unafanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Unanyonya mvua na kuiachilia polepole. Ukiutoa, mvua inashuka yote kwa siku moja, halafu Januari unanunua maji kwa mtungi.

Tena msitu huu umezungushiwa ua wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika 2009 baada ya miaka kama ishirini ya kazi, na michango ya wananchi wa kawaida imo ndani. Ua huo unawazuia tembo kula mahindi ya watu na unawazuia watu kula msitu. Lami ikishapita, hakuna geti litakaloweza kupekua kila lori la usiku. Wenye misumeno wanajua hivyo, wenye makaa wanajua. Ni kama kununua kufuli ya bei halafu kubomoa ukuta.

Lakini kuna wanamazingira wa jijini wananichosha pia. Wanamzungumzia mkulima wa Kinangop kana kwamba ni mjinga anayechukia ndege. Mkulima huyo ana shida ya kweli. Akitaka kufika Nyeri na viazi vyake anazunguka Ol Kalou, Nyahururu, Ndaragwa, Mweiga. Mvua ikinyesha, lori halifiki hata shambani. Akiambiwa kuna njia ya mkato, kwa nini asishangilie? Mimi ningeshangilia.

Ila muulize anapoteza wapi pesa. Tangu 2019 kuna kanuni zinazosema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nenda shambani leo uone kama broka anazijua. Gunia bado linavimba, linafungwa kilemba juu, lile la mukurino, na bei ni ya gunia, si ya kilo. Hakuna stoo ya baridi ya kutosha, kwa hivyo mavuno yote yanaingia sokoni wiki moja na bei inaanguka. Barabara ya kutoka shambani hadi lami ni tope. Hayo matatu unaweza kuyatengeneza bila kugusa mwanzi hata mmoja. Lakini nani atakata utepe wa mizani? Nani atapiga picha kwenye stoo ya viazi?

Halafu lile jina. Mradi mzima unaitwa Mau Mau Roads, ati kwa heshima ya wapiganaji. Wapiganaji walijificha kwenye miti ile. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu huo, upande wa Nyeri. Wajukuu wa wenzake wengine bado ni maskwota. Mtu akitaka kuwaheshimu, ofisi ya ardhi anaijua iko wapi.

Serikali itakujibu kwa asilimia. Itasema tumepita ile asilimia 10 ya miti iliyo kwenye kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010. Kweli, tathmini iliyotolewa 2022 ilisema miti inafunika asilimia 12.13 ya nchi. Soma mstari unaofuata: msitu ni asilimia 8.83. Tofauti hiyo ni grevilia za kwenye mipaka ya mashamba, mikaratusi ya mbao na nguzo, na miti mingine ya hapa na pale. Ni miti sawa, inaleta pesa, sina ugomvi nayo. Lakini huwezi kukata podo ya miaka mia ukalipa deni na miche kumi kwenye karatasi za nailoni, halafu uite hiyo maendeleo endelevu. Mche wa Novemba unahitaji mtu wa kuumwagilia Februari, na mtu huyo hayumo kwenye bajeti.

2027 haiko mbali. Watakuja, gari litasimama pale stage ya Nyeri, spika zitawekwa juu, na utaahidiwa lami. Kabla hujapiga makofi, muulize mheshimiwa gunia la viazi ni kilo ngapi.