Orodha ya Vipuri Nayo Ni Maandishi, Ihakikiwe

Wapenzi wa fasihi tuna maringo yetu. Riwaya tutaichambua mpaka nukta ya mwisho, lakini karatasi inayomwambia kijana anunue nini ili aunde kifaa chake cha kuchezea gemu mkononi tunaipita kama risiti ya duka. Mimi nasema orodha ile nayo ni maandishi. Ina msimulizi, ina msomaji aliyekusudiwa, na mara nyingi msomaji huyo si wewe.

Hebu isome tena. Msomaji wake ana kadi ya benki inayokubalika kila mahali, ana anwani ya nyumba, na kifurushi kinabisha hodi keshokutwa. Kwa kijana wa Mbagala au Kayole, kitufe cha bei ya pipi kinabeba nauli ya ndege, ushuru na wiki za kusubiri. Akikata tamaa, tunaimba ule wimbo wetu: eti huku spea hazipatikani.

Si kweli. Kisichopatikana mara nyingi ni jina lililoandikwa, siyo kitu chenyewe. Chukua Arduboy, kifaa cha ukubwa wa kadi ya benki ambacho wengi hujiundia wenyewe nyumbani. Kivue jina, kinabaki nini? Chipu ya ATmega32U4, skrini ya OLED yenye nukta 128 kwa 64, vitufe sita, spika ndogo na betri. Vitufe vimejaa kwenye bodi za redio na televisheni zilizokufa, kwa fundi yeyote. Spika imo ndani ya toi lililoacha kulia. Betri? BL-5C ya simu za zamani za Nokia inauzwa mpaka vibandani, maana redio ndogo nyingi zinaitumia. Labda chipu na skrini ndizo utaagiza. Basi orodha ya haki ingesema hivyo: hivi viwili agiza, hivi vingine okoteza.

Watanijibu kwamba kuokoteza ni uduni. Kwani Game Boy ilikuwa nini? Nintendo walipoitoa mwaka 1989, timu ya Gunpei Yokoi ilichagua makusudi teknolojia kongwe, rahisi na iliyokwisha kueleweka: skrini isiyo na rangi, betri nne. Mwaka uliofuata Sega wakaja na Game Gear, rangi tele, betri sita zinazokwisha ndani ya saa chache. Sokoni ilishinda ile ya kijivu. Kifaa kinachothaminiwa na wapenda vifaa dunia nzima kilizaliwa kwa kukataa kipuri cha kifahari.

Ipo hoja moja nzito upande wao: si kila kitu kinabadilishika. Kweli kabisa. Betri ya lithiamu iliyovimba haiokotezwi, inatupwa kwa uangalifu. Na bodi ya kuchajia ya TP4056 kwa kawaida huja imepangwa kwa ampea 1, mkondo mkubwa kwa BL-5C yenye mAh 1,000 hivi, kwa hiyo lazima rezista moja ibadilishwe ili mkondo upungue. Lakini angalia hoja hiyo inamwangukia nani! Orodha inayotaja namba bila kueleza kazi ndiyo inayomwacha msomaji gizani, asijue kipi kina mbadala na kipi kitamuunguzia nyumba.

Kwa hiyo anayeandika mwongozo kwa Kiswahili asitafsiri orodha ya mtu mwingine akadhani amemaliza. Aende Luthuli au Kariakoo na daftari. Awaulize mafundi kitu kinaitwaje, kinatoka kwenye mashine gani, kinauzwaje. Kisha kila kipuri akiandikie kazi yake, volti zake, mbadala wake na hatari yake.

Na sisi wahakiki tuache kujifanya hayatuhusu. Maandishi yanayomfanya msomaji aone mtaa wake hauna kitu, wakati umejaa, ni maandishi mabovu. Tuyaseme hivyo, kama tunavyoisema riwaya mbovu.