Tairi la tela linunuliwe kwa uzito wa mzigo, si kwa bei

MSIMU wa mavuno unapoanza katika mikoa ya Mbeya na Iringa, barabara za vumbi hujaa matela. Mpunga wa Mbarali na Pawaga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na viazi vya Uyole na Umalila, vyote husafiri kwanza kwa tela la trekta, la pawatila au mkokoteni wa maksai kabla ya kuona lori. Tangu Serikali ilipozindua mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009 na pawatila kuenea katika halmashauri nyingi, usafiri huu umekuwa pia biashara ya vijana wengi vijijini.

Pamoja na umuhimu huo, mkulima anayejua bei ya mbolea hadi shilingi ya mwisho mara nyingi hajui tairi la tela lake linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Akihitaji tairi, huuliza mambo mawili tu: je, linaingia kwenye rimu, na bei yake ni kiasi gani? Tunasema swali la kwanza kabisa linapaswa kuwa la tatu: linabeba mzigo gani?

Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Tairi la gari dogo lenye maandishi 195/65 R15 91V, kwa mfano, lina namba 91 baada ya ukubwa wake. Namba hiyo katika jedwali la kimataifa maana yake ni kilo 615. Tairi la basi dogo lenye maandishi 195 R15 106/104 hubeba kilo 950 likiwa peke yake, na kilo 900 likifungwa mawili mawili upande mmoja. Matairi mengi ya tela kubwa, kama yale ya 7.50-16, huwa na herufi PR zikitanguliwa na namba kama 8, 10 au 14. Hiyo ni nguvu ya nyuzi zake, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tairi linavyohimili upepo na mzigo zaidi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme tela la magurudumu mawili lina uzito wa kilo 400 likiwa tupu. Likifungwa yale matairi ya gari dogo, mawili kwa pamoja hubeba kilo 1,230. Ukiondoa uzito wa tela, zinabaki kilo 830, yaani magunia manane ya kilo 100. Likifungwa yale ya basi dogo, hubeba kilo 1,900, na mzigo unakuwa kilo 1,500, yaani magunia 15. Sehemu ya uzito hubebwa na ndoano ya trekta, lakini hiyo iachwe iwe akiba kwa ajili ya mashimo na mawe.

Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini wote tunayajua magunia ya viazi na vitunguu yanayoshonewa kilemba juu. Gunia la lumbesa likifikia kilo 140, tela lililostahili magunia 15 linastahili 10 tu. Mwenye tela huhesabu magunia, lakini tairi huhesabu kilo. Kwa hiyo lumbesa humwibia mkulima mara mbili: kwanza mnunuzi huchukua kilo ambazo hakuzilipia, kisha kilo hizo hizo hupasua tairi ambalo mkulima atalilipia.

Wapo watakaosema kwamba tela hutembea polepole, hivyo linaweza kuzidishiwa. Ni kweli kwamba mwendo mdogo hupunguza joto la tairi, na watengenezaji wengine huruhusu mzigo zaidi kwa mwendo mdogo. Lakini ruhusa hiyo ni ya tairi zima lenye upepo kamili. Si ya tairi kipara lililovuliwa kwenye gari la mtu mwingine, likiwa na viraka vitatu kwenye tyubu.

Wengine watasema tairi jipya ni ghali. Tuchukue mfano. Tuseme tairi lililokwishatumika linauzwa Sh. 80,000 na linadumu safari 40, wakati jipya linauzwa Sh. 250,000 na linadumu safari 200. La kwanza linagharimu Sh. 2,000 kwa kila safari, la pili Sh. 1,250. Hapo hatujaweka pancha, vibarua wa kushusha na kupakia upya, mpunga uliomwagika, wala siku ya soko iliyopotea. Kila mwenye tela aweke namba zake mwenyewe katika hesabu hii, na aandike kila safari kwenye daftari. Atakuta mara nyingi kwamba tairi la bei ndogo ndilo lililomla zaidi.

Anayelazimika kununua lililotumika asome umri wake. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, kwa hiyo kashata nzuri peke yake si ushahidi. Lipinde ubavu, utazame kama una nyufa, uvimbe au nyuzi zilizochungulia, ndani na nje. Ukiona kimojawapo, liache hata kama bei ni ya kutupa. Matairi ya ekseli moja yawe na ukubwa mmoja na aina moja. Usichanganye lenye herufi R na lisilo nayo.

Baada ya kununua, kazi kubwa ni upepo. Mzigo hubebwa na upepo ulio ndani kuliko mpira wenyewe. Upepo ukipungua, ubavu hujipinda kila mzunguko, tairi hupata joto na nyuzi hukatika ndani bila mtu kuona. Kulipiga teke au kuligonga kwa nyundo si kipimo. Tumia kipimo cha upepo, asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Anayeshuka kutoka baridi ya Uyole kwenda joto la Usangu atakuta upepo umepanda. Asiupunguze, maana jioni likipoa atabaki na pungufu.

Tairi lenyewe pia husema. Kashata ikiisha pembeni zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Ikiisha katikati, ulikuwa mwingi. Ikiisha upande mmoja, ekseli imepinda au beringi imelegea, na tairi jipya litaisha vivyo hivyo usipomwita fundi kwanza.

Mavuno yakiisha, tela huachwa juani kwa miezi kadhaa likiwa limelalia tairi zake. Ni bora kuliinua kwa jeki na kulilaza juu ya magogo au matofali, kufunika matairi yasipigwe na jua, na kuyaweka mbali na dizeli na oili. Mwezi mmoja kabla ya mavuno, kaza nati, tia grisi kwenye beringi, na weka spea.

Hili si suala la fedha tu. Matela mengi hulazimika kupita au kukatiza barabara kuu ya TANZAM, yenye malori mazito na miteremko kama Mlima Nyoka na Kitonga. Tela lililopasuka tairi likalala katikati ya barabara usiku, bila hata kiakisi mwanga, ni kaburi linalosubiri watu.

Ni rai yetu kwa vyama vya ushirika na vyama vya umwagiliaji kwamba kila kimoja kinunue kipimo cha upepo na pampu, vitumiwe na wanachama wote. Gharama hiyo ikigawanywa kwa wanachama haifiki hata thamani ya gunia moja la mpunga kwa mtu. Wenye maduka wamwonyeshe mteja namba ya mzigo na ya umri kabla ya kupokea fedha. Nazo halmashauri, pamoja na Wakala wa Vipimo, zisimamie gunia la kilo 100 shambani mnunuzi anapopakia, badala ya kusubiri lori lifike kizuizini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye tela, ufa huo uko ubavuni mwa tairi, na wakati wa kuutazama ni kabla gunia la kwanza halijapakiwa.